Jengo Liungue Kwanza Kwenye Karatasi

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi pale Kariakoo, mbele ya wamiliki wa majengo, wakandarasi na mafundi walioniomba niwaeleze habari ya ramani na Zimamoto. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, kwa ajili ya wale waliosimama mlangoni ambao hawakusikia vizuri.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi ni mbunifu majengo. Mnanijua wengi wenu, na baadhi yenu tumeshagombana. Kazi yangu miaka yote hii ni kuchora, halafu kuibeba michoro kutoka meza hii kwenda meza ile mpaka ipate mihuri. Mmeniita nizungumzie meza moja tu kati ya hizo, meza ya Zimamoto, kwa kuwa ndiyo mnayolalamika nayo zaidi. Nimekubali kwa moyo wote, maana ndiyo meza iliyonifundisha kuchora.

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipeleka Zimamoto ramani ya nyumba ya wageni ya ghorofa saba. Nilikuwa na haraka. Mwenye jengo, mzee mmoja tuliyezoea kumwita Alhaji, alikuwa ameshaagiza nondo, na kila jioni alinipigia simu. Afande aliyekuwa mezani alikuwa kijana, pengine tulilingana umri. Akaikunjua ile karatasi, akaweka simu yake upande mmoja na kikombe upande mwingine isijikunje. Hakuangalia sura ya mbele ya jengo. Hakuangalia vioo, ambavyo nilivionea fahari sana. Akaweka kidole kwenye chumba cha mwisho, ghorofa ya tano, akasema:

"Dada, mimi ni mgeni wako. Nimetoka Songea na basi, nimechoka, nimelala hapa. Saa nane za usiku naamka, naona moshi unaingia chini ya mlango. Niambie napita wapi."

Nikamwonyesha ngazi.

"Moshi unatoka huko huko kwenye ngazi."

Nikamwonyesha ngazi ya pili. Kidole chake kikatembea koridoni polepole, mlango kwa mlango, mpaka kikafika. Ngazi ya pili nilikuwa nimeiweka mgongo kwa mgongo na ile ya kwanza, zote mbili ubavuni mwa lifti. Mabomba yalipita vizuri hivyo, nyaya zilipita vizuri hivyo, na Alhaji alipata chumba kimoja zaidi kila ghorofa. Kati ya mlango wa ngazi hii na mlango wa ngazi ile palikuwa na hatua nne. Afande akainua uso.

"Dada, hii ni ngazi moja umeichora mara mbili."

Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi ya kukagua ramani, na sijaona maelezo mazuri zaidi ya yale tangu siku ile. Mtu anakaa na karatasi yako, analiwasha moto jengo ambalo bado halipo, kisha anahesabu nani ametoka na nani amebaki ndani. Akikuta kuna aliyebaki, anakurudishia ramani. Kinachoungua pale ni karatasi, na kurekebisha kunahitaji kifutio.

Nilimpigia Alhaji kumwambia kwamba kila ghorofa inapoteza chumba. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, vyumba saba hivyo ni ada ya shule ya wajukuu." Nikamwambia naelewa, nikamwuliza, "Baba, siku ya ufunguzi wajukuu wakija kulala, tuwaweke chumba kipi?" Hakunijibu. Kesho yake alikuja ofisini mwenyewe, akaniambia hamisha ngazi.

Sasa niwaeleze mpangilio, maana hapa watu huchanganya mambo. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri. Sheria namba 14 ya mwaka 2007 ndiyo iliyovikusanya vikawa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kibali cha ujenzi bado unakipata halmashauri: Jiji, ambalo ndilo Ilala tuliyoizoea, au Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni, kutegemea kiwanja kiko wapi. Zimamoto wanaisoma michoro yako kwa jicho la moto na uokoaji, wanaweka masharti yao. Halafu jengo likikamilika wanakuja kulikagua kwa macho, na hapo ndipo unapozungumzia cheti cha usalama wa moto. Ni hatua mbili. Ya kwanza ni ya karatasi, ya pili ni ya zege. Wengi wenu mnairuka ya kwanza, au mnaipitisha kama muhuri tu wa kugongewa dirishani, halafu mnaikuta ya pili jengo limeshapigwa rangi. Mkaguzi anasema mlango huu unafunguka vibaya, koridoni pembamba, ngazi haitoki nje. Mnatoka pale mkisema Zimamoto wasumbufu.

Korido ya sentimita 90 iliyojengwa haitanuki. Nimeshawahi kusimama kwenye jengo, sitalitaja, tukipasua slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa, ili kupitisha ngazi ambayo ingechorwa bure miaka miwili kabla. Tulipasua wiki tatu. Vumbi lilifika kwenye duka la nguo la jirani, mwenye duka akatudai fidia, na alikuwa na haki.

Mnisamehe nikae kidogo kwenye ngazi, kwa sababu watu wengi bado wanadhani moto huua kwa kuunguza. Mara nyingi watu hufa kabla ndimi za moto hazijawafikia. Wanauawa na moshi. Godoro la sponji, sofa, mapazia, sakafu ya plastiki, vyote hivyo vikishika moto vinatoa moshi mweusi mzito, na ndani yake mna gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo mtu akivuta pumzi chache anaishiwa nguvu za miguu. Chumba chenye vitu kama hivyo kinaweza kuwaka chote kwa mpigo ndani ya dakika tatu hadi tano tangu cheche ya kwanza. Hesabuni wenyewe: dakika tatu hadi tano ni muda ambao mtu aliye usingizini anaamka, anatafuta kandambili, anamwita mtoto. Na moshi hupanda. Ngazi iliyo wazi kutoka chini hadi juu ni dohani, bomba la kupandishia moshi. Mnaijenga kwa zege bora kabisa, kisha mnawaambia watu hapo ndipo pa kukimbilia.

Ndiyo maana mkaguzi anataka ngazi ifungiwe ndani ya kuta zake, na mlango wake uwe wa kustahimili moto, wa nusu saa au saa nzima, wenye mkono wa juu unaoufunga wenyewe. Na ngazi iishie nje, barabarani, siyo katikati ya duka. Haya yote yanachorwa. Lakini nendeni leo kwenye majengo yetu mkaangalie chini ya ule mlango. Mtakuta nusu tofali. Limewekwa ili mlango usijifunge, kwa sababu wapagazi wanapita na mizigo na mlango unawachosha. Nimeliona tofali la namna hiyo ambalo pembe zake zilikuwa zimelainika kwa kusukumwa kwa miguu miaka nenda rudi, na rangi ya chini ya mlango imechubuka yote. Mwenye jengo alilipia mlango ule pesa nyingi. Nusu tofali ikaufuta.

Na kufuli. Hapa nasema na nyinyi kama dada yenu, kwa sababu najua hofu yenu ni ya kweli. Wezi wapo. Mmeweka grili madirishani, mmefunga mlango wa nyuma kwa kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi, na mlinzi yuko msalani. Mwizi hawezi kuingia, na mpangaji hawezi kutoka. Ipo milango yenye chuma cha kusukuma upande wa ndani: nje haifunguki bila ufunguo, ndani hata mtoto akiegemea inafunguka. Mwambieni mbunifu aiandike kwenye jedwali la milango tangu mwanzo, muuzaji ajue, fundi ajue. Grili nayo inaweza kuwa na kipande kimoja cha bawaba. Mtu asiwaambie mchague kati ya mwizi na moto.

Mitungi ya kuzimia moto, vibao vya kijani, king'ora: hayo nayapita, mnayajua, na ni mepesi kuongeza hata baadaye.

Maji ndiyo si mepesi. Gari la Zimamoto likija na lita 5,000, na pampu ikatoa lita 1,000 kwa dakika, ndani ya dakika tano tangi ni tupu. Baada ya hapo afande anatafuta maji. Anatafuta haidranti, lile bomba la barabarani, na katika mitaa yetu nimeona haidranti iliyozikwa nusu kwenye zege la mwenye duka, nyingine ikiwa imefungiwa ndani ya kibanda cha chipsi. Kwa hiyo mkaguzi akikuambia uweke tangi lenye maji ya kuzimia moto peke yake, yasiyochotwa kupigia deki, usimwone anakutafutia gharama. Na akitaka bomba la wima kwenye kila ghorofa, lenye mdomo wa kuunganishia mpira, sababu yake ni hii: kila mita 10 unazopandisha maji zinakula msukumo wa bar moja, hicho ni kipimo cha nguvu ya maji. Jengo la ghorofa 10 lina mita kama 30. Bar tatu zimepotea kabla tone halijatoka, na juu ya hizo kuna askari wawili wanaoburuta mipira mizito kupandisha ngazi ambayo watu wanashuka kwa kukanyagana. Bomba likiwemo ukutani tangu ujenzi, wanaunganisha chini, wanapanda mikono mitupu.

Kuna jambo jingine ambalo wakandarasi mlioko hapa mnapaswa kulishika, kwa sababu nimeliona likipita kwenye michoro ya watu wenye elimu. Siku hizi kila jengo lina maegesho ya chini ya ardhi, na uwanja wa mbele tunaoukanyaga kwa kweli ni paa la maegesho. Mhandisi ameupigia hesabu ya magari madogo. Sasa moto umetokea, gari la Zimamoto linaingia uwanjani. Lita 5,000 za maji peke yake ni tani tano, bado chuma, bado injini, bado watu. Askari anasimama mbele ya geti hajui kama uwanja utambeba au utamzamisha. Mkaguzi wa michoro akiuliza "gari letu litasimama wapi?", muwe na jibu lililopigiwa hesabu na mhandisi. Na geti liwe pana. Gari lile lina upana wa kama mita mbili na nusu, na linahitaji nafasi ya kukata kona na ya askari kufungua milango yao.

Tuko Kariakoo, na sitawaeleza habari za moto kama wageni. Tarehe 10 Julai 2021 usiku, Soko Kuu letu liliungua. Wapo humu ndani waliopoteza mtaji wa maisha yao usiku ule. Kwetu wabunifu pale palikuwa na msiba wa namna nyingine pia, kwa sababu lile jengo alilisanifu Beda Amuli, mzee wetu katika fani hii, likafunguliwa mwaka 1975, na yale mapaa yake kama miavuli iliyopinduliwa yanayokusanya mvua tumefundishwa nayo darasani. Januari 2022 likafuata soko la Karume, mwendo mfupi kutoka hapa. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lilianguka katika mtaa huu huu. Wale waliokuwa wakitoboa kifusi usiku na mchana kuwatafuta ndugu zetu walikuwa askari wa Zimamoto na Uokoaji, pamoja na majeshi mengine na wananchi. Jina lao lina maneno mawili, na siku zile tulilielewa neno la pili.

Naomba sasa mnivumilie kwenye jambo linaloniumiza zaidi ya yote, nalo ni matumizi kubadilika. Ramani inapitishwa ikisema: chini maduka, juu ofisi, na juu zaidi nyumba za kuishi. Afande amehesabu watu wa ofisini, ameweka ngazi zinazowatosha, amepima mwendo wa mtu kutoka mezani hadi mlangoni. Mwaka wa pili biashara inachanganya. Ofisi inageuka stoo. Marobota ya vitenge yanapanda mpaka dari, magodoro yanajazwa kwenye korido, na ngazi ya dharura inapangishwa kwa mtu wa viatu vya plastiki. Kwenye faili jengo lile ni ofisi, na faili liko salama kabatini lina mihuri yote. Jengo lenyewe limekuwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukikagua. Ukibadili matumizi, rudisha michoro. Ukiongeza ghorofa, rudisha michoro. Ukigawa ukumbi vyumba kwa mbao na jipsamu, rudisha, kwa sababu umehamisha njia ya mtu wa Songea na yeye hajui.

Na sura za majengo. Mitaa yetu imejaa zile bati za alumini za kung'aa zinazovikwa nje ya ukuta. Nami nimezichora. Tarehe 14 Juni 2017 kule London, jengo la makazi liitwalo Grenfell Tower liliungua, wakafa watu 72. Moto ulianzia kwenye friji, jikoni, katika nyumba moja ya ghorofa ya nne, ukatoka dirishani ukashika bati za namna hiyo, zilizokuwa na kiini cha plastiki katikati, ukapanda jengo zima kwa nje. Jengo la ghorofa 24 lenye ngazi moja tu. Nchi yenye pesa na sheria nene. Tangu hapo sikubali bati iletwe saiti kabla sijaona karatasi ya kiwandani inayosema katikati kuna nini. Muulizeni muuzaji. Akisema "yote ni alumini", mwambieni akate kipande, mkitazame ubavuni: ukiona utepe mweusi laini kati ya karatasi mbili za alumini, hiyo ni plastiki.

Najua mnachosubiri niseme. Mnasema meza hizi zinachelewesha, na wengine zinawadai chai. Siji hapa kuwatetea watu ambao hata mimi wamenichosha. Nimewahi kufuatilia faili moja, katika ofisi nisiyoitaja, majuma kadhaa, kila siku naambiwa mhusika yuko nje, mpaka mteja akaanza kumwaga msingi bila kibali na mimi nikajitoa kwenye kazi ile. Iliniuma na bado inaniuma. Lakini sikilizeni nilichojifunza. Faili linalokaa muda mrefu mara nyingi ni lile lenye upungufu: halina mchoro wa kiwanja unaoonyesha barabara, halina mkato wa ngazi, yaani mchoro unaoionyesha kana kwamba jengo limekatwa katikati, halionyeshi milango inafunguka upande gani, limebandikwa jina la mbunifu ambaye hajawahi kuliona. Peleka michoro kamili. Nenda mwenyewe, au mbunifu wako aende, siyo dalali. Omba kukaa na mkaguzi michoro ikiwa bado ya penseli, kabla hujalipa chochote, umwulize anaona nini. Malipo yafanye kwa kumbukumbu namba ya serikali, upate risiti. Anayekudai pembeni, mwombe akuandikie hayo anayodai ni ya nini. Na masharti uliyopewa yabandike saiti, karibu na ramani, fundi ayaone kila asubuhi. Mengi hufia kwenye droo ya ofisi.

Nafasi ya maswali ilipofika, alisimama fundi mmoja kijana, kofia ya saiti mkononi. Akasema, "Shikamoo mama. Mimi nasimamia ghorofa nne huko Tandika. Slabu ya kwanza tumeshamwaga. Ngazi iko moja. Tajiri anasema kibali kinafuatiliwa. Nifanye nini?"

Nilimwambia simamisha slabu ya pili. Slabu moja ikiwa imemwagwa, ngazi ya pili bado inawezekana, hata ya chuma kwa nje, ikiwa kiwanja kinaruhusu na mhandisi akakagua nguzo. Zikifika nne, itakuwa kesi nyingine. Nikamwuliza tajiri yuko wapi.

Akageuka, akamtazama mzee mmoja aliyekaa safu ya tatu. Mzee alikaa kimya, kisha akafungua begi lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Tukasogeza vikombe, tukaikunjua mezani. Nikamwomba kijana aweke kidole chumba cha mwisho, ghorofa ya nne.